Saa za Sala Ndani ya Simu: Ni Nani Amlipaye Fundi?

Mazungumzo ya barazani hapa Mombasa yamebadilika. Miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Isha, ungeliwasikia vijana wakiulizana nani amepata kibarua bandarini, nani ametokewa na viza ya Dubai, nani ameitwa Doha. Siku hizi limezuka jambo jingine. Fulani, utaambiwa, ataka kuacha kazi. Atakaa nyumbani na kompyuta yake atengeneze programu za simu, aziuze ulimwengu mzima, na asiwe na tajiri wa kumwuliza kwa nini amechelewa. Wazee walioketi kando na vikombe vyao vya kahawa husikiliza, wasijue wacheke au wamwombee dua.

Mimi si katika wanaocheka. Jambo hili lawezekana, na wako waliolifanya wakafanikiwa. Ila naona vijana wetu hulianza kwa swali lisilo lake. Wao hujiuliza kama wataweza kuitengeneza hiyo programu, kisha hujiuliza kama watapata ushujaa wa kuandika barua ya kuacha kazi. Ufundi hupatikana kwa kujifunza, na barua yenyewe haizidi mistari mitano. Swali lililo zito ni jingine: fundi huyo akisha kuwa peke yake, ni nani atakayemlipa? Maana amlipaye ndiye atakayekuwa bwana wake, apende asipende. Na swali hili haliwahusu mafundi peke yao. Latuhusu sote tuliotia saa za sala ndani ya simu zetu tukafurahi kuwa tumezipata bure.

Aliyenifanya nishike kalamu ni kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye babake na mimi tulisoma chuo kimoja. Yeye ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na usiku ndipo hufanya kazi zake za kompyuta. Mwaka juzi mwalimu wa chuo anachosoma mdogo wake alilalamika kwamba daftari la ada limechanika, na hajui tena nani amelipa na nani anadaiwa. Kijana akakaa wiki chache akamtengenezea programu: majina ya wanafunzi, namba za simu za wazee wao, nani amehudhuria, nani amelipa kwa M-Pesa na siku gani, na kila mtoto amefika juzuu ya ngapi. Leo vyuo vitatu vyaitumia, na hapana hata kimoja kinachomlipa senti.

Ijumaa moja aliningoja nje ya msikiti, akaniamkia, akaniambia, "Ami, nataka kuacha kazi. Wanishauri nini?"

"Vyuo vinakulipa kiasi gani?"

Akacheka. "Hawalipi, Ami. Hii ni kazi ya kheri. Watumiaji wakizidi, pesa zitakuja zenyewe."

"Zitoke wapi?"

Hapo akanyamaza, na mimi sikumshika zaidi. Lakini nilimwahidi kumsimulia kisa cha mtu wa Marekani aliyeanza mahali pale pale alipoanzia yeye, yaani katika orodha ya majina ya watu wa nyumba ya ibada.

Mtu huyo ni Jim Knopf. Mapema katika miaka ya 1980 alikuwa mtengenezaji programu katika kampuni kubwa ya IBM, naye akikaa Bellevue, karibu na mji wa Seattle. Kanisa la huko kwake lilitaka njia nyepesi ya kuchapisha anwani za waumini, naye akaandika programu ya kuweka orodha hiyo, akaiita Easy File. Wenzake kazini waliiona wakaiomba, nao wakawapa wenzao. Haukupita muda ikawa inatumiwa na watu asiowajua. Kila alipoirekebisha ilimbidi awapelekee nakala kwa posta, diski baada ya diski, mpaka gharama zikamlemea. Ndipo mwaka wa 1982 alipotia ndani ya programu ile maneno ya kusema hivi kwa ufupi: itumie, wape na wenzio, na ukitaka niwe nikikujulisha marekebisho, nitumie dola 10 kwa hiari yako.

Siku moja mtumiaji mmoja akamwarifu kuwa iko programu nyingine, PC-Talk, yenye maneno kama yake. Mwenyewe alikuwa ni Andrew Fluegelman wa Tiburon, California. Watu hawa wawili hawakuwa wakijuana. Kila mmoja alilizua jambo lile peke yake. Wakaandikiana, wakakubaliana kutajana katika programu zao. Knopf akaibadilisha yake jina ikawa PC-File, ili zionekane ni ndugu, na bei ya hiari ikawa dola 25.

Kwa hesabu ya duka la kawaida huu ni wazimu. Ni sawa na mwenye duka la nguo Biashara Street kuacha milango wazi, akabandika kikaratasi ukutani kwamba atakayependa kanzu aichukue, na akiridhika nayo arudi kulipa. Basi watu walirudi. Jarida la PC World liliisifu PC-File wakati Knopf yuko likizoni Hawaii na ahali zake, na aliporejea nyumbani alikuta magunia ya barua yanamngoja. Hapana aliyewalazimisha watu wale. Walilipa kwa sababu programu iliwafaa katika kazi zao za kila siku, na walijua kuwa yule waliyempelekea dola 25 ndiye atakayewajibu wakikwama.

Nataka msomaji alitazame vyema jambo moja katika kisa hiki, kwa kuwa ndilo huachwa kinaposimuliwa. Knopf hakuacha kazi mwaka wa 1982. Hakuacha zilipoanza kuingia dola 10 za kwanza. Aliendelea kuamka asubuhi kwenda IBM na kurudi jioni kufungua barua, mpaka kiangazi cha 1984. Siku alipoacha, PC-File ilikuwa ikimpa mara kumi ya mshahara wake. Kwa hivyo ukimwita shujaa utakuwa umemwongezea sifa asiyoihitaji. Alikuwa amechoka kufanya kazi mbili, na moja kati ya hizo mbili haikuwa na maana tena.

Baadaye kampuni yake, Buttonware, ilifikia wafanyakazi 35 na mauzo ya dola milioni 4.5 kwa mwaka. Hapo si biashara ya mtu mmoja tena, bali ni tajiri mpya aliyezaliwa. Mambo ya kompyuta yalipogeuka naye akaiacha biashara mwaka wa 1992. Alifariki mwaka wa 2013. Kwangu mimi sehemu yenye faida ni ile miaka miwili ya mwanzo.

Sasa na turudi kwenye simu zetu. Duka la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na programu 500 hivi, na tangu hapo fundi mmoja chumbani mwake aliweza kuwafikia watu wa dunia nzima bila ya posta wala diski. Miongoni mwa programu zilizoenea kwa Waislamu ni za saa za sala. Na kwa kweli ni kazi ambayo mtu mmoja aweza kuifanya, kwani msingi wake ni hesabu ya jua. Adhuhuri huingia jua likisha kupinduka. Alasiri, kwa madhehebu ya Imamu Shafi tunayoyafuata wengi wetu hapa pwani, ni pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, baada ya kuongeza kile kivuli cha adhuhuri. Kwa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa ni mara mbili, na tofauti hiyo hapa Mombasa ni kama saa moja hivi. Alfajiri na Isha hutegemea jua limezama nyuzi ngapi chini ya upeo. Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu huhesabu alfajiri kwa nyuzi 18, Wamisri 19.5, na jumuiya ya Waislamu wa Marekani ya Kaskazini 15. Ndiyo sababu mume na mke katika nyumba moja waweza kuamka na simu mbili zinazopishana dakika 18 na zaidi, na katika mwezi wa Ramadhani hilo si jambo dogo. Atakayelaumu simu na ajue kuwa simu haina kosa. Imeulizwa kwa hesabu nyingine.

Katika programu hizo maarufu ni Muslim Pro, iliyoanzishwa mwaka wa 2010 huko Singapore na Mfaransa, Erwan Macé, aliyekuwa amefanya kazi Google. Ilipewa watu bure, na gharama zikatoka katika matangazo. Asiyetaka matangazo alilipa. Mwaka wa 2017 ilinunuliwa na wawekezaji wa Malaysia na Singapore. Ilipofika 2020 ilikwisha kupakuliwa zaidi ya mara milioni 98. Ni watu wengi mno hao, na wengi wao hawakupata kutoa hata peni.

Mnamo Novemba 2020 gazeti la mtandaoni la Motherboard lilichapisha habari iliyozagaa kuanzia Jakarta hadi London. Lilieleza kuwa Muslim Pro ilikuwa ikiipa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode habari za mahali walipo watumiaji wake, na kuwa X-Mode ilikuwa ikiwauzia habari za namna hiyo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kuwa wameliuzia jeshi chochote, na papo hapo wakatangaza kuwa wamekatiza uhusiano na kampuni zote walizokuwa wakizipa habari hizo. Januari 2021 gazeti lile lile likafichua programu nyingine ya saa za sala, Salaat First, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 10. Nyayo za watumiaji wake zilikuwa zikipelekwa kwa kampuni moja ya Ufaransa. Mwenye programu alisema kuwa hilo liliwahusu watu wa nchi chache za Ulaya tu, na kwamba mapatano amekwisha kuyavunja.

Jinsi jambo hili linavyofanyika ni rahisi kulieleza. Kampuni inayokusanya habari humpa fundi kipande kidogo cha programu, naye akakitia ndani ya ile yake. Kipande hicho hukaa kimya na kupeleka kwa bwana wake habari za simu ilipo, saa baada ya saa. Fundi hulipwa kwa kadiri ya wingi wa watumiaji alio nao. Na programu ya sala inafaa mno kwa kazi hiyo, kuliko hata mchezo wa watoto, kwa sababu Mwislamu mwenyewe ameiruhusu kujua alipo. Bila hivyo haiwezi kumpigia hesabu ya magharibi wala kumwonyesha kibla. Ruhusa tuliyoitoa kwa ajili ya kibla ikatumika kwa mengine. Januari 2024 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi iliipiga X-Mode, ambayo sasa yaitwa Outlogic, marufuku ya kuuza habari za watu waingiao mahali nyeti, na nyumba za ibada zikatajwa humo. Kutoka lile gazeti kuandika mpaka amri hiyo kutolewa ilipita miaka mitatu na zaidi.

Wako waliosema kuwa haya ni njama juu ya Waislamu. Jeshi lilikuwa mnunuzi, hilo halipingiki, na mwenye kulishuku ana haki yake. Lakini mimi naona mlango ulikuwa wazi kabla ya jeshi kufika, na uliwekwa wazi na namna biashara yenyewe ilivyojengwa. Watu milioni 98 wapewe kitu kila siku, mitambo iendeshwe, mafundi wale, na watumiaji walio wengi wasilipe. Lazima atokee mtu wa pembeni kulipa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa kilichokuwa bure kilimvunjia mtu siri ya nyumba yake.

Swali la nani amlipaye mwenye kutujulisha saa si geni katika Uislamu. Misikiti mikubwa ya zamani ilikuwa na mwakiti, mtu wa elimu ya falaki ambaye kazi yake ilikuwa ni kupiga hesabu ya nyakati. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka wa 1375, alikuwa mwakiti wa Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus, na mwaka wa 1371 alitengeneza saa ya jua ya mnara wa msikiti ule. Mafundi kama yeye hawakumtoza mtu senti kila alipouliza alasiri imeingia au bado. Walilipwa na wakfu, yaani mashamba, maduka na nyumba ambazo mapato yake yaliwekewa msikiti. Hata hapa kwetu, kutoka Lamu hadi Vanga, iko misikiti ambayo ujira wa muadhini na mafuta ya taa vilitoka katika kodi ya vyumba viwili vitatu vya wakfu. Kwa hivyo huduma ya bure ilikuwapo, lakini kila mtu aliweza kukuonyesha kwa kidole ile nyumba inayoilipia. Katika simu zetu nyumba hiyo haionekani, na hapo ndipo penye kasoro.

Baadhi ya mafundi wa Magharibi wenyewe wameliona hilo. Maciej Ceglowski, Mmarekani mwenye asili ya Poland, alianzisha mwaka wa 2009 huduma iitwayo Pinboard, ya kuwawekea watu kumbukumbu za kurasa za mtandaoni wanazozipenda. Akaiendesha peke yake, na kila aliyetaka kuingia alilipa. Ajabu ni kuwa bei ilipanda kwa sehemu ya senti kila alipoingia mtu mpya, hivi kwamba aliyechelewa alilipa zaidi ya aliyewahi. Wakati huo iliko huduma kubwa ya bure ya kazi ile ile, Delicious, mali ya kampuni ya Yahoo. Desemba 2010 zilivuja habari kwamba Yahoo yataka kuifunga, na watu wakakimbilia kwa yule anayetoza. Mwaka uliofuata Ceglowski aliandika makala akiwashauri watu wasiwe watumiaji wa bure, kwa sababu kitu wasichokilipia hakina wa kukitetea siku mwenyewe atakapokichoka. Delicious ikauzwa mkono hadi mkono, na mwaka wa 2017 aliyeinunua ni Ceglowski mwenyewe, kwa dola 35,000. Kwa bei hiyo hapa Mombasa hupati nyumba ya maana.

Nilipomfikisha kijana wangu hapa, aliniuliza swali zuri. "Ami, hao ni watu wa Marekani. Mtu wa kwetu atalipaje?"

Zamani lingekuwa swali lisilo jibu. Lakini nyaya za baharini za TEAMS, kutoka Fujairah, na SEACOM zilifika Mombasa mwaka wa 2009. M-Pesa imekuwako tangu 2007, na tangu 2017 Safaricom imewafungulia mafundi mlango uitwao Daraja, ambao humwezesha mtu mwenye biashara ndogo kupokea malipo ndani ya programu yake. Anayetaka kuuza katika duka la Google hulipa dola 25 mara moja tu. La Apple ni dola 99 kila mwaka. Na tangu 2021 maduka yote mawili humtoza fundi mdogo asilimia 15 ya mauzo badala ya 30. Mtaji si mkubwa, na kwa mtu anayeogopa kuingia katika riba hiyo ni neema, kwani hakuna haja ya kumwendea mkopeshaji. Hata ufundi umerahisika, tangu programu za akili bandia kama ChatGPT zilipotolewa mwishoni mwa 2022. Kilichobaki kigumu ni kile kile cha siku za Knopf, yaani mtu wa kutia mkono mfukoni.

Basi tukapiga hesabu. Mshahara wake ni shilingi 45,000. Chuo kikimlipa shilingi 1,500 kwa mwezi, atahitaji vyuo 30 kuufikia mshahara huo, na kwa umeme, intaneti na siku za ugonjwa aviweke 40. Chuo chenye watoto 100 kitakuwa kimelipa shilingi 15 kwa kila mtoto. Hiyo ni chini ya bei ya maandazi mawili, na mwalimu amepumzika na daftari lililochanika. Vyuo 40 pwani hii vipo. Ila 40 vyenye walimu 40 watakaompigia simu saa tatu ya usiku kwa kuwa mtoto fulani ametokea kuwa hajalipa ilhali babake ana ujumbe wa M-Pesa, hiyo ni kazi ya siku nzima, na akiiweza peke yake nitamvulia kofia.

Alisita. "Mwalimu atasema elimu ya dini haiuzwi."

Neno hili nililitarajia, na nimelisikia kwa watu wazima pia. Nalionea huruma lakini silikubali. Seremala aliyechonga mlango wa msikiti alilipwa, na aliyechimba kisima cha kutawadhia pia. Stima hukatwa msikitini kama inavyokatwa kwingine, bili isipolipwa. Anayetaka kuitoa kazi yake sadaka na aitoe, nayo ni daraja kubwa mbele ya Mola; lakini sadaka hutolewa na mtu mwenye riziki kutoka mahali pengine, na mahali hapo kwa kijana huyu ndipo pale bandarini anapotaka kupaacha. Hawezi kuwa na yote mawili. Akiacha mshahara na asitoze, nyumbani watakuja kutaka unga, na hapo atakuwa tayari kusikiliza kila mwenye kumnong'oneza.

Na mnong'onezaji alikwisha kuja. Hili hakuniambia siku ya kwanza. Alikuwa amefikiwa na mtu wa biashara ya mikopo ya simu, aliyetaka namba za wale wazee wa wanafunzi, na hasa majina ya wale wanaochelewa kulipa ada, kwani hao ndio wenye haja ya mkopo. Kwa namba za vyuo vitatu alitajiwa shilingi 30,000. Kijana hakukubali, lakini hakukataa pia. Alisema atafikiri.

Msomaji na aitazame bei hiyo. Yule mkopeshaji aliona thamani katika orodha ile mara moja, wakati vyuo vinavyoitumia kila siku havijaiona. Sheria ipo: tangu Novemba 2019 Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu binafsi, na mwaka wa 2023 ofisi inayoisimamia iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazee wao. Lakini kabla ya sheria iko amana. Mzee aliyempa mwalimu namba yake alimpa ili aarifiwe mwanawe akitoroka chuoni. Hakumpa mtu wa mikopo, na wala hakupewa nafasi ya kukataa.

Yako na mambo mengine madogo ya kuangalia, nayapitia kwa haraka. Chini ya sheria yetu ya hakimiliki ya 2001, kazi iliyofanywa katika ajira ni mali ya mwajiri, isipokuwa kama mmepatana vingine. Kwa hivyo anayeandika programu yake kwa kompyuta ya ofisi, kwa saa za ofisi, asishangae siku tajiri atakaposema ni yake, na hata kama tajiri hatasema, zile saa zilikuwa zimekwisha kulipiwa. Kwa mwenye kulipwa kwa mwezi notisi ya kuacha kazi ni siku 28. Na asiage kwa maneno makali, kwani mteja wa kwanza wa fundi mpya huwa mara nyingi ni yule tajiri wake wa zamani.

Ushauri wangu ulikuwa mfupi kuliko makala hii. Nilimwambia aende kwa walimu watatu awatajie bei, na kwamba jibu lao ndilo litakalomwambia kama ana biashara au ana sadaka. Tena awaeleze na habari ya yule mkopeshaji, wajue ni nini kilichokuwa mbadala. Barua ya kuacha kazi aiweke mtotoni mwa meza mpaka vyuo vinavyolipa vifike 20, yaani theluthi mbili ya mshahara, maana yeye hana haja ya kungoja mara kumi kama Knopf.

Alirudi baada ya wiki mbili, yungali na shati lake la kazi. Chuo cha kwanza kimekubali shilingi 1,500, kwa sharti kwamba awafundishe walimu wawili wengine kuitumia. Cha pili kimesema kitarudi kwenye daftari. Yule mkopeshaji amempigia tena, naye safari hii alimjibu kwa neno moja. Chuo cha tatu, ambacho ndicho kikubwa, mwalimu wake amesafiri Lamu kwa Maulidi na bado hajarudi.